Yule Bibi Mwenye Upinde

Mama,

Jana nilirudi kwenye makumbusho pale mjini. Tangu tukuzike sikuwa nimethubutu.

Yule bibi wako yuko palepale kwenye picha yake ukutani, na upinde wake, na mwezi mdogo kichwani. Jumamosi ukitoka shifti kule nyumba ya wazee, ulikuwa ukinipitia nyumbani, mtaani kwetu Winson Green, tunapanda basi, kwa sababu mle ndani kuna joto na hakuna kiingilio. Siku moja nilikusomea kibandiko chake: mke wa tajiri, amechorwa zaidi ya miaka mia mbili iliyopita akijifanya Diana, mungu wa kike wa uwindaji. Ukacheka. "Mungu gani! Huyu ni mama wa mtu. Hebu ona, wamemsimamisha bila viatu na baridi hii. Akitoka hapo anatafuta soksi."

Watu wakageuka. Nami, kwa Kiingereza kama kawaida yangu, nikakuambia unyamaze. Nilikuwa na miaka kumi na minne. Sikuenda nawe tena.

Jana mhudumu wa ukumbi, mzee Kalasinga mwenye kilemba cha buluu, alinitazama sana. Kisha akasema, kwa Kiswahili cha Kisumu alikozaliwa, "Wewe ni binti ya yule mama wa Jumamosi. Mmefanana. Mbona siku hizi haji?"

Kumbe uliendelea kuja. Miaka yote hiyo, Mama. Peke yako.

Kwa Kiingereza nimewaambia watu mara nyingi kwamba umekufa, na sauti haikutikisika. Kwa Kiswahili sikuwa nimemwambia mtu yeyote. "Mama... Mama alituacha," nikasema, na nililia hadi yule mzee akanipa kiti chake.

"Pole, binti yangu," akasema. "Alikuwa akiniambia unaelewa kila neno, ni kujibu tu ndiko unakokataa."

Ni kweli. Hata siku ile hospitalini uliponiambia, "Nishike mkono, mwanangu," nilikushika, lakini nikakujibu kwa Kiingereza.

Barua hii nimeianza asubuhi. Naandika, nafuta. Makosa utayaona.

Lingine, na nilitaka ulisikie wewe kwanza: nina mimba ya miezi minne. Ungepiga vigelegele majirani watoke nje. Nina hamu nawe, Mama. Nina hamu mpaka kifua kinauma.

Huyu mtoto nitamsemesha Kiswahili tangu siku ya kwanza. Akinijibu kwa Kiingereza nitaendelea tu, kama wewe ulivyoendelea na mimi.

Lala pema.

Ni mimi, Njeri wako.