Runinga Ipumzike Kidogo

Jumatatu

Shikamoo mama,
Habari za hapo, na presha inasemaje? Mimi mzima, kiwandani tunashona tu mpaka vidole vinakufa ganzi. Daktari amesema macho yako yapumzike, kwa hiyo nakuomba uzime runinga wiki moja tu. Haitakununia. Na ukitaka kuja kuishi kwangu, chumba bado kipo.
Mwanao

Jumanne

Marahaba mwanangu,
Sijambo, presha ina mambo yake. Haya, nimeizima na kuifunika shuka. Kuja kwako sitaki, nyumba aliyoijenga baba yako siiachi. Ila kimya hiki kinanitisha. Mchana kutwa nasikia nyayo uani.
Mama yako

Jumatano

Shikamoo mama,
Nimecheka mpaka mlinzi wa getini akanishangaa. Hizo nyayo ni za paka! Na tangu lini ukapenda mpira wa kwenye runinga hivyo, ukaufungulia mpaka nyumba itikisike? Vumilia hadi Jumapili. Mchana usinitafute, unajua simu zetu zinafungiwa kabatini mpaka zamu iishe.
Mwanao

Alhamisi, mchana

Mwanangu, hujambo?
Najua ujumbe huu hutausoma sasa, lakini nisipoandika nitachanganyikiwa. Mpira siupendi, hata sijui nani anacheza na nani. Tangu baba yako afariki naufungulia kwa sauti ili wapita njia wadhani kuna mwanaume ndani.

Leo kitasa cha mlango wa nyuma kimezunguka. Nikakishika. Mtu wa nje naye akakishika, akauliza kwa upole kabisa, "Mzee wa mpira amesafiri?" Nikakimbilia runinga, nikaweka mechi, sauti hadi mwisho. Akacheka. Akasema, "Hiyo ni ya juzi, mama. Wanarudia."

Nimesukumia meza mlangoni. Jirani yetu fundi viatu yuko kibandani kwake, simu yake inaita tu. Nimepiga kelele, sauti imenikauka. Na huyu mtu haondoki, amekaa kizingitini anasikiliza mechi. Mwanangu, ubishi wangu wote umekwisha. Njoo unichukue, naogopa.
Mama yako

Alhamisi, jioni

Shikamoo mama,
Ndiyo kwanza nimetoka zamu, nimesoma ujumbe wako nikiwa nimesimama pale kabatini. Nakupigia, hupokei. Niko njiani, lakini bado niko mbali sana.

Fundi viatu nimempata. Sasa hivi yuko mlangoni kwako na majirani wawili. Wamegonga mbele, wamegonga nyuma, kote kumefungwa kwa ndani na hakuna anayeitika. Nimewaambia wavunje. Mama, kama umejificha mahali, nitumie hata neno moja, maana fundi anasema humo ndani, juu ya sauti ya runinga, amesikia mwanaume anashangilia bao.
Mwanao