Swali la Nyuma ya Pazia

Mama yangu,

Shikamoo huko uliko. Najua utaitikia marahaba na papo hapo uniulize kama nimekula. Nimekula, mama, ndizi na maharage. Kesho kutwa ndiyo natakiwa nishinde na njaa, kwa sababu wananitoa figo.

Usishtuke. Ni kwa ajili ya Laurenti, kitinda mimba wako uliyekuwa ukimbeba mgongoni wakati wa vita. Figo zake zote mbili zimekufa. Ukoo ulikaa kikao Bugarama bila kuniita, wakakubaliana mtoaji ni mimi, dada mkubwa. Baba mdogo akanipigia simu kunipa taarifa. Taarifa!

Unamkumbuka balozi wetu wa nyumba kumi? Malori yalipoanza kuleta majeruhi hospitalini kwenu na damu ikahitajika, alitupanga kwa zamu kama tunaokwenda kulima shamba la kijiji, kila nyumba mtu mmoja. Nyumba yetu ikawa mimi, msichana wa miaka kumi na minane. Alitufikisha pale anajigamba, filimbi shingoni. Wewe ndiye uliyekuwa muuguzi wa kutoa damu. Ukamwambia, "Ahsante, balozi. Ila damu si jembe, haiitwi kwa filimbi." Kisha ukaanza kutuingiza nyuma ya pazia, mmoja mmoja.

Zamu yangu ilipofika ulinitazama kama hunijui. "Hapa mimi si mama yako," ukasema. "Umekuja kwa hiari yako?" Nikalia. Nikasema naogopa, sitaki, lakini baba atasemaje? Ukanifuta machozi kwa pindo la aproni, ukatoka, ukatangaza mbele ya watu wote: "Damu ya huyu haifai leo." Baba alinitania kwa hiyo damu yangu isiyofaa mpaka anaingia kaburini, na wewe hukufumbua mdomo. Sikuwahi kukushukuru. Nakushukuru leo, mama.

Basi huku jijini nilianza kwa ugomvi. Miezi inapita, Laurenti anavimba miguu, na hospitali haipasui. Eti hawaruhusiwi kupandikiza figo mpaka wakaguliwe: chumba cha upasuaji, maabara ya kulinganisha damu yangu na yake, umeme usiokatika, na tena daktari wangu asiwe daktari wa Laurenti. Nikawaka. "Mtu anakufa, nyie mnakagua kuta!" Unaujua mdomo wangu.

Wakakaguliwa, wakapita. Nikadhani yameisha. Kumbe limebaki moja. Wiki iliyopita muuguzi mmoja kijana alimtoa nje baba mdogo, aliyekuja kunisindikiza, akafunga mlango, akaniuliza, "Mama, kuna mtu aliyekulazimisha? Ukikataa, tutawaambia tu kwamba vipimo havikuruhusu. Hakuna atakayejua."

Nilicheka mpaka akaogopa, halafu nikalia. Binti yule hata hakuwa amezaliwa uliponiuliza wewe. Kumbe walikuwa hawakagui kuta peke yake, na mimi nimewatukana bure.

Nikaomba siku tatu. Ya kwanza nilitaka kukataa, niwakomoe wale wa Bugarama. Ya pili nililala tu, hasira zimeniisha na woga umebaki. Ya tatu nilimpelekea Laurenti uji wodini. Hakuugusa. Akaniambia, "Dada, kama unaogopa, sema. Mimi sitakununia." Mtu ambaye hata viatu havimwingii tena, ananihurumia mimi! Nikamwambia anywe uji usipoe.

Naogopa, mama, sikufichi. Wasafishaji wakipita na kile kitoroli chao nadhani wamenijia. Lakini nimegundua naweza kuogopa na bado nikataka. Ulisema siku zote hiari yashinda utumwa, na mimi nilidhani unatusemea sisi watoto ili tuoshe vyombo.

Nilirudi kwenye kile chumba peke yangu na mlango nikaufunga mwenyewe. Nikamwambia yule binti kwamba nataka.

Ukimwona baba, mwambie damu yangu inafaa.

Ni mimi, mwanao wa kwanza.