Sauti ya Nyakerario kwenye kompyuta

Roda, uko? Sauti ya Nyakerario imeenda. Ile tulimrekodi akiimba kabla augue. Mtoto wetu, imeenda kabisa.

Baba yake, Ombati, amerudi sasa hivi kutoka soko la Daraja Mbili, kompyuta ameikumbatia kifuani. Sadiq, yule fundi wetu, aliiwasha akajaribu faili moja moja. Kisha akasema, "Mzee, virusi vimefunga faili zote. Mimi siwezi kuzifungua."

Ombati hakuamini. "Si wewe uliniambia nisinunue antivirus? Ulisema ile ya bure iliyokuja na kompyuta inatosha."

"Ingetosha, mzee. Lakini mtu aliizima."

Aliizima yeye mwenyewe, Roda. Kila ikitaka update, aliona inamaliza bando za kuangalia ibada ya Sabato. Akaizima kama mtu anayezima taa ya chumba kisicho na watu. Halafu juzi akachomeka flashi ya kwaya, ile imezunguka kwa kompyuta za nusu ya kanisa.

"Niliizima." Hilo tu ndilo anasema. Amekaa mbele ya kompyuta, kofia bado iko kichwani, na chai ya leo haijachumwa.

Sijamlaumu. Nimlaumu aje, na yeye ndiye alikuwa anaokoa bando ili mimi nione ibada?

Ameniuliza, "Wewe bado unasikia vile alikuwa anacheka katikati ya wimbo?"

Nimemwambia nasikia.

Roda, sisikii. Miaka hii sita tangu tumzike, nilikuwa naenda kumsikiliza hapo kwa kompyuta.