Jiko Jeusi la Kirumba Limetakata

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Mgongo umetulia? Na mvua hapo Muleba zimeiachia kahawa ikauke? Mimi ni mzima, mikono yangu mizima pia, na utaona kwa nini naitaja.

Lile jiko nililokodi Kirumba, ambalo kaka alisema nimepangishwa pango, lilikuwa limeganda mafuta ya samaki ya miaka. Sakafu nyeusi, ukuta mweusi. Bwana afya alichungulia akaniambia, "Dada, hapa hupiki mpaka nione sakafu." Nikasugua kwa sabuni hadi nikalia. Halikutoka hata doa moja.

Nikaenda Mabatini kununua kostiki, ule unga mkali wa watengeneza sabuni. Nilimpa muuzaji chupa ya maji ya kunywa anitilie, akakataa kabisa: "Mtoto ataiokota aionje. Chukua kopo lake." Akanieleza namna ya kuutumia, nami nikamsikiliza kama niko kanisani.

Jumamosi tukaanza, mimi na Nyamizi, Msukuma ninayepika naye. Binti yake tulimpeleka kwa jirani. Milango wazi, glavu, buti, miwani. Nageuka, namwona Nyamizi ameshamimina unga kwenye sufuria la alumini, kashika jagi la maji ya moto!

"Nyamizi, usimwage! Weka jagi chini!"

"Kwani kuna nini? Si maji tu?"

"Yatachemka yakurukie usoni, na huo unga unakula alumini!"

Akaliweka. Tukaanza upya: maji ya baridi kwanza kwenye ndoo ya plastiki, halafu unga kidogo kidogo, tukikoroga kwa mti. Hata hivyo ndoo ilipata moto. Tone moja likampata Nyamizi mkononi, pale glavu ilipoishia. Nikamburuta hadi bombani, nikamshikilia mkono chini ya maji, yeye akipiga kelele kwamba imetosha, mimi nikikataa. Ngozi ilibaki nyekundu kidogo tu, ikapona.

Kisha tukaipaka dawa hiyo sakafuni na ukutani kwa brashi, na mama, yale mafuta yakaanza kuachia! Yanabanduka kama maganda. Tulisuuza na kusuuza, na chini ikatokea sakafu nyekundu ya saruji, nzuri kama ya sebule ya padri. Nyamizi akapiga vigelegele, majirani wakaja mbio wakidhani kuna harusi.

Bwana afya aliporudi alisimama mlangoni. "Hili ni jiko lile lile?" Akavua viatu, mama! Nikamwambia avae, huku ni jikoni si msikitini.

Tumefungua. Leo sangara wameisha kabla ya saa nane. Unga uliobaki nimeufungia juu, kopo limeandikwa SUMU. Wewe ukiupata huko, usiujaribu mpaka nije.

Msalimie kaka Deo na migomba yake, shangazi Koku anayekuchotea maji, na bibi, mpazie sauti asikie. Ukija, beba ndizi nyingi. Wateja wameanza kuniuliza chakula cha kwetu.

Ni mimi mwanao, Editha,
mwenye jiko, Kirumba.