Mstari Ambao Sikumtamkia Kagendo

Alhamisi, Juni 1981

Leo upepo umevuma tangu asubuhi, ule wa vumbi unaoingia hadi ndani ya sanduku la vitabu. Meno yangu yana mchanga. Moyo nao si safi, na nitauandika hivyo hivyo ulivyo.

Nina wivu.

Nina wivu na Kagendo, rafiki yangu, ambaye tumekalia dawati moja tangu Fomu Wani, na ambaye hajanikosea chochote ila kusema ndiyo.

Wiki tatu zilizopita Mwalimu Mutuma, anayetufundisha Kiswahili, aliniita mbele ya darasa. Ameandika mchezo wa kwenda kushindana na shule zingine kule Meru. Akasema anataka niwe yule mama anayesimama barazani kumdai chifu afungue kisima. Ndiye mwenye maneno mengi kuliko wote. Mwalimu alisema amenisikia nikisoma kwa sauti na hajapata sauti nyingine kama hiyo Fomu Tuu yote. Mimi, ambaye hata kuitikia jina langu kwenye rejista naona haya. Kwa Kiingereza naona haya, kwa Kiswahili naona haya, ni kwa kalamu tu sioni.

Nikasema, "Hapana, mwalimu. Wako wengine wanaojua kuliko mimi."

Kwetu hivyo ndivyo mtu husema. Mgeni akiletewa chai husema hapana, nimeshiba. Anaambiwa tena, anasema kweli nimeshiba. Mara ya tatu ndipo anapopokea kikombe. Ukipokea mara ya kwanza watu wanatazamana, wanajiuliza kama kwenu kuna chakula. Sasa jambo kubwa namna hii ningelipokea vipi papo hapo? Nilikuwa nimeshapanga: mara ya pili nitanyamaza, mara ya tatu nitasema sawa.

Mara ya pili haikuja.

Mwalimu alifunga daftari lake akauliza nani anataka. Kagendo aliinua mkono kabla swali halijaisha.

Nilidhani yameishia hapo. Kesho yake paredi, mbele ya shule nzima, Mwalimu akasema, "Kuna msichana hapa anataka kubembelezwa kama bibi harusi. Sisi hatuna mahari." Watu walicheka mpaka walimu wengine wakacheka. Hata mpishi, akinipakulia githeri, siku hizi ananiambia, "Bibi harusi, leta sahani."

Halafu insha yangu ya ukame ikarudi na wino mwekundu chini: Asiyetaka jukwaa asiniletee maigizo kwenye karatasi. Niliisoma tena yote. Hakukuwa na maigizo. Ni mbuzi wa mjomba wangu wa Merti tu, vile walivyokufa.

Mwisho akanipa kazi ya kukaa nyuma ya pazia na karatasi za mchezo, nimnong'onezee anayesahau. Alisema inanifaa kwa vile mimi ni mtu wa kujificha.

Nilisema ndiyo, mwalimu.

Dada yangu Sahra ndiye tu niliyemwambia. Alinishauri niende ofisini nimweleze kwa adabu kwamba ile hapana yangu ilikuwa ya heshima, na kwamba kumcheka mwanafunzi paredi si kazi ya mwalimu. Ni rahisi kusema ukiwa umeshaolewa na huna paredi.

Basi siku zote hizi nimekaa nyuma ya pazia nikimsikia Kagendo akisema maneno yangu. Ndivyo ninavyoyaita, yangu. Nayajua yote. Nayasema nikichota maji, nayasema nikipepeta mchele, mpaka mama ananiuliza naongea na nani. Kagendo anasema vizuri, lazima nikubali, lakini anayakimbiza. Kuna mahali pa kunyamaza kidogo, yeye hanyamazi. Nikisikia hivyo nafurahi. Halafu wenzake wanampigia makofi, na furaha yangu inaishia hapo.

Sasa ya leo.

Kwenye mazoezi Kagendo alifika pale chifu anaposema watu warudi nyumbani wangojee mkutano mwingine. Hapo mama anatakiwa kujibu, "Chifu, ng'ombe hawajui siku ya mkutano." Ndio mstari mzuri kuliko yote. Kagendo akafungua mdomo. Hakuna kitu. Akageuza macho kwenye pazia.

Nilikuwa nimeweka kidole juu ya mstari. Niliuona vizuri kabisa.

Nikanyamaza.

Sikupitiwa, sikusinzia. Nilinyamaza kwa kupenda, na nilisikia utamu.

Mwalimu akapiga meza. "Mkono ulikuwa mwepesi wa kuinuka, sasa mdomo uko wapi? Ama na wewe tukubembeleze?" Wote wakacheka kicheko kile kile, nakijua mpaka mwisho wake. Kagendo akasimama pale na kitambaa cha mama kichwani, akiangalia miguu yake. Utamu ukaniishia mdomoni.

Tulirudi pamoja kama kawaida, upepo ukitusukuma kwa mgongo. Nilingoja anitukane. Karibu na soko la mbuzi akasema, "Halima, huko nyuma ya pazia ni giza, si ndio? Nitamwomba Mwalimu akutolee kiti karibu na dirisha."

Nikasema ndiyo, ni giza.

Ona sasa. Mwalimu alinionea mbele ya watu, na mimi nimemwonea Kagendo mahali ambapo hakuna anayeniona. Sijui nani kati yetu ni mbaya zaidi. Yeye angalau alitumia sauti.

Mama ananiita nikalete kuni kabla ya magharibi. Kesho asubuhi, kabla ya kengele, nitamwambia Kagendo kwamba hakukuwa na giza. Akitaka kuhama dawati, ahame. Nikibaki na nguvu nitaingia ofisini nimwambie Mwalimu yale ya Sahra, japo kwa sauti ndogo. Hilo siliapii.

Na jioni, kwenye mazoezi, akikwama tena, nitamtamkia mstari. Lakini nitautamka ili yeye ausikie, ama ili hatimaye mtu asikie vile ungetoka kinywani mwangu?