Nyimbo za Ijumaa

Nairobi,
9 Februari 1976

Shemeji Alfayo,

Pokea salamu zangu na za dada yako Nyangate. Sisi tuko wazima, ila Nyangate anasumbuliwa na kikohozi, nadhani ni vumbi la mji huu. Natumaini wewe na binti yako Eucabeth mko salama huko Gesima, na chai inachipuka.

Najua unashangaa kuona mwandiko wangu. Miaka saba si mchezo. Barua hii nimeianza mara nne na kuichana.

Jambo lenyewe ni hili. Kampuni iliyoturekodi inataka kutoa santuri kubwa ya Masimba Jazz, nyimbo kumi na mbili bora, sita kila upande. Ndio mtindo wa siku hizi, bendi ikishavunjika inakusanyiwa nyimbo zake. Kazi ya kuchagua wamenipa mimi, kwa kuwa nilikuwa kiongozi na mwimbaji. Kwenye jalada wanataka picha yetu sote wanne, ile tuliyopiga Kisii mjini mwaka wa 1967, wewe umekaa mbele na gitaa lako, mimi na Ombui na Obwocha tumesimama nyuma. Nakala yangu ililowa maji ikaharibika. Yako najua ipo, maana wewe hutupi kitu. Tafadhali itume, nitairudisha.

Ni mimi shemeji yako,
Machogu


Gesima,
22 Februari 1976

Ndugu Machogu,

Barua imefika. Mimi sijambo, Eucabeth hajambo, sasa yuko darasa la tatu. Mvua imechelewa lakini majani kidogo tunachuma. Mpe Nyangate pole ya kikohozi.

Picha ni hii hapa, nimeitia katikati ya kadibodi mbili isikunjike. Ilikuwa ukutani tangu nijenge nyumba hii, na nilipoitoa imeacha alama nyeupe ya mraba. Irudishe kweli.

Unasema miaka saba. Mimi nahesabu mitatu, tangu tulipomzika mke wangu Bochaberi. Nyangate alikuja peke yake. Watu waliniuliza, shemeji yako yuko wapi, nikawaambia yuko njiani. Nilisema hivyo siku mbili. Kaburi lilipofunikwa nikaacha kusema.

Sitaki kuandika ugomvi. Nauliza neno moja tu: umechagua nyimbo zipi? Eucabeth hajawahi kunisikia nikipiga. Gitaa niliuza nikanunua miche ya chai wakati yeye bado anatambaa uani. Zile santuri zetu ndogo watu waliziazima moja moja na hakuna iliyorudi. Siombi mengi. Wimbo wa "Jua la Manga" ukiwamo, inanitosha. Mtoto akiusikia atajua baba yake alikuwa nani kabla ya kuwa mtu wa kubeba kikapu cha majani.

Kaka yake Nyangate,
Alfayo Ogari


Gesima,
30 Mei 1976

Ndugu Machogu,

Salamu kwenu nyote. Hapa ni wazima, mvua sasa imezidi hata barabara ya kwenda kituo cha kupimia majani haipitiki.

Huu ni mwezi wa nne tangu nitume picha. Sijui kama ilifika. Eucabeth amewaambia wenzake shuleni kwamba baba yake atatoka kwenye santuri, na mwalimu amemwuliza lini. Mimi pia nauliza. Na lile neno la nyimbo zipi hujalijibu.

Kaka yake Nyangate,
Alfayo


Nairobi,
28 Agosti 1976

Shemeji,

Natumaini mko wazima kama sisi tulivyo. Nyangate amepona kikohozi.

Santuri imetoka, na nakala yako iko katika kifurushi hiki pamoja na picha yako. Jalada limependeza sana, wewe ndiwe unayeonekana kwanza. Nyimbo sikuzichagua kwa kupenda kwangu, shemeji. Tulitazama zile zilizonunuliwa kwa wingi na zilizoombwa sana redioni, tukazipanga. Kwa hiyo ni watu wenyewe waliochagua.

Isikilize polepole, usiikasirikie mapema.

Shemeji yako,
Machogu


Gesima,
19 Septemba 1976

Machogu,

Sisi tuko wazima wa mwili.

Kifurushi nilikichukua posta Ijumaa. Jumapili nilivaa koti, Eucabeth akavaa gauni lake la kanisani, tukaenda Masimba kwa Ombati mwenye duka, kwa sababu yeye ndiye aliye na gramafoni. Eucabeth alibeba jalada kifuani njia nzima, picha ikitazama mbele ili kila tunayekutana naye aione. Ombati alitupa viti, akafungulia soda mbili, akawaita na majirani. Wakajaa mpaka mlangoni.

Wimbo wa kwanza ulipoanza nikajua. Hilo halikuwa gitaa langu. Alikuwa Abner, yule mpigaji wa studio. Nikajiambia, ngoja wa pili. Wa pili Abner. Wa tatu Abner. Upande ukaisha, Ombati akageuza, nikasikiliza sita nyingine, zote Abner.

Wewe unajua jinsi ilivyokuwa, lakini wacha niandike nami nijione nimesema. Tulikwenda Nairobi mara kumi na mbili, na kila safari tulipewa Ijumaa saa kumi mpaka jioni, kisha Jumamosi kutwa. Mimi ni Msabato. Nilipiga Ijumaa mpaka jua linazama, nikaweka gitaa chini, kwa kuwa Sabato imeingia. Jumamosi mimi nikawa kanisani na ninyi mkaendelea na Abner. Nyimbo za Jumamosi zilikuwa zimetulia, kampuni ikaziweka upande wa kwanza wa kila santuri ndogo. Zangu za Ijumaa zikawekwa upande wa pili, ambao mtu hucheza akichoka na wa kwanza. Sasa umechukua pande za kwanza kumi na mbili, ukazifunga pamoja, ukaziita Masimba Jazz. Picha ni yangu na gitaa ni la mtu mwingine.

Siwezi kusema ni nyimbo mbaya. Ni nzuri, Abner anajua kazi. Lakini ukizisikia zote kwa mfululizo ni bendi iliyokuwa na muda wa kutosha, na sisi hatukuwa na muda wa kutosha hata siku moja. Hicho ndicho kilichotufanya tupige vile tulivyopiga. Nani alisema wimbo ulionunuliwa sana ndio unaojua habari za bendi? Ulionunuliwa umenunuliwa, basi.

Kwa nyimbo zile za Ijumaa, kwa kuwa ni muziki wa dansi, kanisa lilinitoa katika ushirika mwaka mzima, nikawa nakaa benchi la nyuma kama mgeni. Kwa kukataa Jumamosi wewe nawe ukanitoa katika bendi. Nilidhani angalau santuri itabaki inanijua.

Eucabeth aliniuliza mbele ya watu wote, "Baba, wewe ni yupi hapo?" Watu wakasogea wasikie. Nikasema, "Gitaa lote hilo ni mimi." Wakapiga makofi. Mtoto akacheka kwa furaha, na njia nzima ya kurudi alikuwa akiimba vipande vya Abner kwa mdomo. Anaviimba mpaka leo, akichota maji, akiosha vyombo. Nyumba hii ina watu wawili tu, Machogu. Nimemdanganya mmoja wao.

Alfayo


Nairobi,
5 Desemba 1976

Shemeji wangu Alfayo,

Sijui kama nina haki ya kuulizia hali yako, lakini naiulizia. Binti hajambo? Umeshapogoa chai?

Barua yako nilimsomea Nyangate. Alisikiliza mpaka mwisho, akaenda kazini, akarudi, akapika. Mimi kesho yake nilikwenda kwa kampuni nikawaomba wabadilishe hata wimbo mmoja, watie "Jua la Manga" watakapochapisha tena. Bwana mwenye kampuni akanitazama, akasema anaukumbuka. Akasema wimbo huo umekimbia, unaanza na mwendo huu na kumalizika na mwingine, hauwezi kukaa na nyimbo bora. Hata hivyo hauko tena. Tepu za Ijumaa walizirekodia watu wengine juu yake zamani. Zilikuwa zinachukua nafasi.

Niliporudi na habari hiyo Nyangate alifungua sanduku lake la nguo na kutoa santuri ndogo iliyofungwa kwa leso. Upande wa pili, "Jua la Manga". Amekuwa nayo tangu mwaka wa 1968 na sikuwahi kujua. Nilimwuliza kwa nini ameificha, akasema hakuificha, ila sijawahi kuuliza habari za kaka yake.

Tuliicheza, shemeji. Mwanzo unapiga taratibu kabisa. Dirisha la studio lilitazama magharibi, unakumbuka, na wewe uliketi ukilitazama. Kuanzia ubeti wa tatu unaanza kukimbia. Obwocha anakufuata kwa ngoma, Ombui anahangaika na besi, mimi naimba maneno yakinipita. Unamaliza na kuna kishindo kidogo, nadhani ni wewe unaweka gitaa sakafuni. Nilicheka. Halafu Nyangate akanitazama nikaacha kucheka.

Sasa sikia neno ambalo nimelikalia. Studio ile ilikuwa wazi Jumapili. Bwana mwenyewe alinipa nichague, Jumamosi au Jumapili, na mimi nikawaambia ninyi kwamba Jumapili hawafungui. Nilitaka Jumapili yangu. Misa, kisha chakula kwa wajomba, kisha basi la mchana. Nilijua Jumamosi huwezi. Nilidhani utalegea siku moja. Hukulegea, na mimi nikashindwa kurudi nyuma, mwisho nikakutoa kwa kosa ambalo nilikuwa nimelitengeneza mwenyewe.

Na kwenye mazishi ya Bochaberi sikuwa safarini kama Nyangate alivyosema. Nilikuwa hapa Nairobi, katika chumba hikihiki. Niliona aibu kusimama mbele yako.

Santuri ya Nyangate nakutumia, amekubali. Nimeiweka katikati ya mbao mbili. Nikija Gesima, utanipokea?

Shemeji yako, ukikubali,
Machogu


Gesima,
16 Januari 1977

Machogu,

Salamu kwako na kwa dada yangu. Sisi tuko wazima, na jua ni kali, majani ni machache.

Habari ya Jumapili nimeisoma mara nyingi. Nimekwenda nayo kituoni na kikapu mgongoni na kurudi nayo. Kuja, usije kwanza. Siku nitakayoweza kukutengea kiti nitaandika, nisije nikakukaribisha kwa mdomo tu.

Santuri imefika nzima. Mwambie Nyangate asante, leso yake nimeiweka. Ile picha nayo imerudi ukutani, inafunika alama yake sawasawa.

Leo tulikwenda tena kwa Ombati. Safari hii sikutaka watu, tulikuwa watatu tu. Eucabeth alitaka kwanza ile kubwa, nikamwambia hapana, kwanza hii. Ombati akaweka sindano. Ina mikwaruzo mingi, lakini gitaa lilitoka. Sikuwa nimelisikia kwa miaka minane. Nilitazama sakafu.

Mtoto alisikiliza vizuri mpaka ubeti wa tatu, kisha akakunja uso. Yeye ana sikio, tayari anayajua ya Abner yote. Akanivuta mkono wa koti.

"Baba," akasema, "huyu mbona si yule wa kwenye ile kubwa? Huyu anakimbia. Ni nani?"

Nikamwambia ni mimi. Nikamwambia jua lilikuwa linazama.

Shemeji yako,
Alfayo