Mwisho Uliokatwa Kola

Chumba cha tiketi,
Jumba la sinema.
Jumapili, tarehe 9 Juni.

Mpendwa Kaka,

Shikamoo. Pokea salamu nyingi kutoka kwetu sote uliotuacha nyumbani. Hujambo wewe? Wifi hajambo? Na kile kikohozi ulichokitaja kimeshakuachia, au bado umekifuga? Sisi huku wazima. Goti la Baba humuuma siku za kuhamisha makabati tu, siku nyingine halina neno. Mama yuko kwenye cherehani yake na bado ni marufuku kugusa mkasi wake.

Mimi naendelea kukata tiketi. Unanijua nilivyo na ugonjwa wa sinema, na kazi hii imeuzidisha. Ina kasoro moja: lazima nikae dirishani dakika ishirini baada ya onyesho kuanza, kwa ajili ya wachelewaji. Kwa hiyo sinema zote ninazozipenda sijui mwanzo wake! Ile ya mpishi aliyejificha ndani ya pipa la unga nimeiona mara tisa, na mpaka leo sijui alikuwa anamkimbia nani. Nampenda hivyo hivyo. Ile ya mapacha wa posta hunitoa machozi hata nikiikumbuka huku naosha vyombo. Na mtu akisema kitabu kilikuwa kizuri kuliko sinema, nawatetea waigizaji utadhani tumenyonya ziwa moja. Kitabu kitakuonyeshaje uso wa mtu anayetaka kusema neno, halafu akalimeza?

Sasa kaa kitako. Wiki iliyopita wameleta sinema iliyotengenezwa kutokana na kile kitabu cha kijani! Ndiyo, kile alichokuwa akitusomea Baba sebuleni kabla ya chakula, cha fundi saa na mwanawe aliyeondoka nyumbani. Nilirukaruka mpaka meneja akaniuliza kama nimeumwa na siafu. Nikachukua tiketi tatu, mbio nyumbani.

Baba akakataa. Kwanza goti. Halafu viti vyenu vigumu. Halafu ana viatu vya mteja vya kutia soli, na viatu vyenyewe niliviona rafuni vimeshatiwa. Baba yetu huyu, akatae kitu cha bure! Na Mama naye ameinamia mshono wake, hainui uso. Nikajua kuna jambo, nikawakokota wote wawili.

Meneja alinipa ruhusa ya kuingia tangu mwanzo, mara ya kwanza katika miaka minne. Kaka, raha iliyoje! Saa zimejaa ukutani, zote zinagonga pamoja, na mzee anapita katikati yake na kopo lake la mafuta, vile vile tulivyokuwa tukimwona kichwani. Nilikuwa namfinya Mama mkono. Baba alikaa ukingoni mwa kiti, anaisokota kofia yake kama nguo inayokamuliwa.

Mwisho ukafika. Unaukumbuka bila shaka: mwana anarudi asubuhi ya mvua, anamkuta baba yake amelala juu ya meza ya kazi, anaanza kutia funguo saa moja baada ya nyingine mpaka mzee anaamka kwa kelele. Basi kwenye sinema hakurudi. Mzee alifunga duka akaenda zake. Taa zikawaka mimi mdomo wazi.

Baba akasema pale pale kitini, "Nisameheni. Ule mwisho niliutunga mimi. Nimefunua ukurasa, nakuta jalada! Na kaka yako ameshaanza kulia, 'Atarudi, Baba? Atarudi?' Ningefanyaje?"

Miaka yote hiyo alidhani aliuziwa kitabu kibovu. Na tangu uondoke jambo hilo lilimkaa rohoni, maana ulipompa mkono wa kwaheri ulimwambia utarudi kama mwana wa fundi saa. Aliogopa kwamba uliahidi kwa kutegemea uongo wake.

Mama akacheka mpaka akashika mbavu. "Kitabu hakikuwa kibovu, mume wangu. Nilikikata mimi."

Ulipokaribia kuanza shule alikosa karatasi ya kukatia pateni, yaani kielelezo, ya kola ya shati lako. Akachomoa kurasa nne za mwisho, akaziunga kwa gundi. Mwaka uliofuata, Baba alipofika hapo na kuendelea "kusoma", Mama alikuwa kwenye cherehani anamsikiliza, anajua fika kwamba anatunga, lakini akimuumbua atajiumbua. Miaka ishirini na sita wamelala kitanda kimoja na siri moja, kila mmoja akidhani ni yake peke yake!

Mama hatupi kitu. Tulipofika nyumbani alifungua bati lake la pateni, kola ikatoka, imegeuka manjano lakini inasomeka. Baba akavaa miwani. Kumbe hata wenye sinema wametunga! Kitabuni mzee hafungi duka. Anasikia hatua nje, anainua taa, mlango unafunguka, na aliyesimama pale ni... Hapo ndipo mkasi wa Mama ulipopita, kwenye mzunguko wa shingo.

Baba alicheka kicheko ambacho sijakisikia tangu ulipoondoka. "Basi na mimi nina haki yangu kama wao," akasema, na mpaka leo anatembea kifua mbele.

Kola nimekutilia ndani ya bahasha hii, uisome mwenyewe. Lakini Mama anaitaka irudi, na ameapa pateni yake hairudishwi kwa posta. Mwanao naye anakaribia kuanza shule, na kitambaa cha shati kimeshanunuliwa. Shingo ya mtoto Mama anataka kuipima kwa mkono wake.

Msalimie sana Wifi, na umbusu huyo mtoto ambaye namjua kwa picha tu. Baba na Mama wanawaombea afya na njia nyepesi. Mungu awashike mkono mpaka hapa kizingitini. Baba ameuacha ule mwisho wake kama ulivyo, habadilishi neno. Anasubiri hatua nje.

Mdogo wako akupendaye daima,

Kitinda